Turbo Iliyokunywa Oili Chafu

Mama mkwe wangu alifika Nairobi kutoka kando ya ziwa wiki ileile lori la chama lilipokufa. Alikuja kutibiwa jicho. Kwa mila za kwao hangeweza kulala chumba kimoja na mwanawe na mke wa mwanawe, na sisi, mtaani Gatwekera, tulikuwa na chumba kimoja tu, basi jirani yetu, mjane wa kutoka upande wao, akampa kitanda. Mchana alishinda kwangu. Aliketi mlangoni kwenye stuli, jicho moja limefunikwa kwa pamba, lile jingine likifuatilia kila nilichofanya.

Nilichofanya hakikumfurahisha. Mimi ni fundi wa magari. Nilitoka kwetu Magharibi nikiwa msichana, nikitafuta kazi ya nyumba, nikaishia kuuza chai kwenye gereji za Kawangware. Nilianza kwa kuwapa mafundi chai. Kisha nikawa nawapa na spana, kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu, na baada ya muda thermosi ikabaki kwa mwenzangu wa kuuza chai, mimi nikabaki na spana. Aliyenifundisha alikuwa mzee mmoja mfupi, mgongo wake mbovu, aliyeongea na injini kwa Kikuyu na watu kwa Kiswahili. Hakuwahi kuniuliza mwanamke anatafuta nini pale. Aliniuliza tu kama nimekaza nati.

Mama mkwe aliponiona mara ya kwanza nikitoka na ovaroli asubuhi, alinitazama mpaka nikapinda kona. Jioni akamwambia mwanawe kwa Kijaluo kwamba hajaona nyumba ambayo mke anarudi na oili kwenye nywele na mume anarudi msafi. Kijaluo nilikuwa nakielewa kuliko alivyodhani. Mume wangu alicheka kidogo akabadilisha mazungumzo.

Kweli mume wangu alirudi msafi, na kwa kazi aliyoifanya lilikuwa jambo la kushangaza. Alikuwa dereva wa lori la kunyonya vyoo. Lori lenyewe lilikuwa la chama cha akina mama waliosimamia vyoo na bafu za kulipia huku chini kwetu. Msimu wa mvua mashimo hujaa haraka, na malori ya watu binafsi yalikuwa yakija yanapotaka. Akina mama wakachanga kwa muda mrefu mpaka wakanunua lori dogo kuukuu, wakalifungisha tangi na pampu ya kunyonya, wakamchukua mume wangu aliendeshe. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa mjengo, kibarua wa ujenzi, leo ana kazi, kesho hana. Alilipenda lile lori. Lilikuwa haliwezi kuingia kwenye vichochoro vyetu, basi alilisimamisha barabarani akavuta mipira mirefu katikati ya nyumba, akiomba radhi mlango kwa mlango. Akimaliza alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko ndipo ashike usukani.

Siku lilipokufa alikuwa anapanda kuelekea mtaa wa Ayany, tangi limejaa. Kwa wiki kadhaa injini ilikuwa ikipiga mluzi, mwembamba mwanzoni, ukizidi kila siku. Alikuwa amewaambia akina mama, wakamwomba avumilie mvua ipungue, kwa sababu vyoo vilikuwa vinafurika. Pale kwenye mlima mluzi uligeuka yowe, moshi wa bluu ukafunika barabara nzima, na nguvu ikaisha. Alilizima akaliachia lirudi polepole hadi kwenye uwanja ulio wazi kando ya barabara. Likabaki hapo na tangi lake, na watu wa karibu wakaanza kulalamika kuhusu harufu kabla hata injini haijapoa.

Kilichofuata kilimuumiza kuliko moshi. Vyoo vya chama vilifungwa. Kina mama wakaanza kupanda na watoto mpaka upande wa Ayany kutafuta choo cha kulipia, na wakipanda walizungumza. Dereva amelikanyaga lori mpaka likapasuka. Dereva wa mjengo, atajua nini kuhusu injini. Mwenyekiti wa chama, mama mpole ambaye hakupenda ugomvi, alimwita akamwambia kwa heshima kwamba lori likishatengenezwa huenda wakajaribu mtu mwingine. Mume wangu alirudi nyumbani, akavua viatu, akaketi kitandani. Hakusema kwamba aliwaonya. Nilimuuliza kwa nini hakujitetea, akasema watu waliofungiwa choo hawasikilizi.

Mimi na mama mkwe pia tulikuwa tunapanda. Kila asubuhi nilimshika mkono kwa sababu hakuyaona mawe vizuri, tukapita kwenye matope, yeye akiwa amekunja leso yake mkononi kama mtu anayekwenda kanisani. Hakulalamika hata mara moja. Asubuhi moja tu, tukiwa tumesimama kwenye foleni, aliniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba choo cha nyumbani kwake mume wake alikichimba mwenyewe, na kwamba alikuwa hajui kumbe choo kinaweza kumfanya mtu mzima aone haya. Kisha akauliza, "Na wewe, si unatengeneza magari?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Basi mbona hilo limelala?"

Lori halikuwa langu, na mume wangu ndiye aliyelaumiwa. Lakini siku hiyohiyo nilimtafuta mwenyekiti. Akina mama walikuwa wameanza kutafuta turbo nyingine kwa wauza spea. Nilimwomba aniruhusu nifungue injini kwanza nione kilichoiua ya kwanza, maana wakifunga nyingine bila kujua, itafuata njia ileile. Alifikiria. Akakubali, ila kwa sharti moja: kwa kuwa dereva ni mume wangu, lazima fundi mwingine aikague kazi yangu. Akamtaja yule mzee wangu wa Kawangware, kwa sababu ndiye aliyewafungia pampu ya kunyonya na analijua lori. Nikamwambia hilo ni haki kabisa.

Nieleze kidogo, kwa asiyejua. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa zaidi ndani. Inazunguka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, na shafti yake haikai juu ya chuma, inaelea juu ya oili nyembamba kama ngozi ya yai. Oili hiyo lazima iwe safi na lazima ifike mara moja. Ikichelewa, chuma kinasugua chuma. Ikifika na uchafu, ni kama kuisugua shafti kwa msasa.

Nilipoifungua turbo ya lile lori, shafti ilicheza mkononi kama jino la mtoto. Beringi, zile pete zinazoishika shafti, zilikuwa na mistari mizunguko mizunguko, mizito, ya msasa hasa. Nikashangaa, kwa sababu mume wangu alikuwa akibadilisha oili kwa wakati, mimi mwenyewe nilimletea. Nikaikata filta nikafungua karatasi yake. Ilikuwa imeshika uchafu vizuri, imefanya kazi yake. Basi oili safi ilikuwepo. Swali likawa ni kwa nini turbo haikuipata.

Nikalala chini ya lori nikaanza kuifuata mipira ya oili. Hapo awali filta ilikuwa imefungwa ubavuni mwa injini, na paipu ya turbo ilitoka kwenye kichwa cha ile filta. Pampu ya kunyonya ilipofungwa, bamba lake lilikuja kukaa palepale, mkono usingeweza tena kupita kubadilisha filta. Kwa hivyo kichwa kilitolewa, pakafungwa kibamba chenye matundu mawili, na filta ikahamishiwa kwenye chesi, yaani fremu ya lori, mbali kidogo. Mpira mmoja ulipeleka oili kwenye filta, wa pili uliirudisha ndani ya injini ikiwa imesafishwa. Kazi ilikuwa nadhifu. Ila turbo sasa haikuwa na pahali pake pa zamani pa kunywea. Aliyefunga alikuwa ameukata mpira wa kwanza, ule wa kwenda, akaweka kiungo cha T, akaitolea turbo paipu hapo. Turbo ilikuwa inakunywa oili kabla haijafika kwenye filta.

Na nilizijua klipu zilizoibana ile mipira. Mkia wa kila moja ulikuwa umekunjwa mara mbili kuelekea ndani ili usimchane mtu. Mimi pia hufunga hivyo. Nilifundishwa hivyo.

Nilikaa pale chini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Mume wangu aliinama akauliza kuna nini. Nikamwonyesha, nikamweleza, na nikamwambia ni kazi ya nani. Nilidhani atasimama aende moja kwa moja kwa mwenyekiti. Jina lake lingesafishwa siku hiyohiyo, na hakuna ambaye angemlaumu. Alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole.

"Nenda kwa mzee kwanza," akasema. "Asisikie kwa watu."

Nilitembea hadi Kawangware, nikipitia Ayany na kuvuka Barabara ya Ngong. Njiani nilijaribu maneno ya kila namna, na kila namna ilisikika kama mtoto anayemrekebisha baba yake mbele ya wageni. Nilimkuta ameinama ndani ya boneti. Nilimsubiri anyooshe mgongo, nikamwambia yote polepole, nikitaja nilichokiona tu.

Hakukataa kwamba aliifunga hivyo. Alinieleza sababu, na nakiri ilikuwa sababu ya fundi. Alisema filta inakula presha, na mipira mirefu inakula nyingine. Kwenye injini nzima turbo ndiyo ya kwanza kufa oili ikichelewa. Basi yeye aliipa oili mwanzo wa njia, palipo na presha yote, kabla ya mtu mwingine yeyote kunywa. Nikamjibu kwamba palipo na presha yote ndipo pia palipo na uchafu wote. Akaniangalia.

"Umefungua turbo ngapi wewe?"

Akarudi ndani ya boneti akaanza kuongea na injini kwa Kikuyu, na mimi nikajua mazungumzo yameisha. Nilirudi Gatwekera na huzuni ambayo sikuweza kumweleza mama mkwe, aliyeniuliza kwa nini nimerudi mapema. Nilimpikia uji. Akaunywa akisema sukari imezidi, na nadhani ilikuwa imezidi kweli.

Kesho yake nilikwenda kwenye lori bila kujua nitafanya nini. Mwenyekiti alikuwa anakuja kuangalia tulipofikia, na nilikuwa nimeamua kumwomba subira ya siku moja tu. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ni matope matupu. Ndipo nikamwona mzee akija kwa miguu, mkoba wa spana begani, mkono mmoja kwenye kiuno kama afanyavyo mgongo ukimuuma. Alinisalimia kama siku yoyote ile. Akatandika gunia, akaingia chini ya lori. Niliona viatu vyake tu. Mwenyekiti alifika akasimama kando yangu, na mume wangu akabaki nyuma yetu, mbali kidogo, kama mtu anayengoja majibu ya daktari.

Mzee alipotoka alijinyoosha kwanza. Kisha akaomba kuziona beringi. Nilimpa. Akapitisha ukucha juu ya ile mistari, akazigeuza kwenye mwanga, akampa mwenyekiti badala ya kunirudishia mimi.

"Mama, hii kazi ni yangu," akasema. "Dereva wenu hana makosa. Hata angeliendesha kama anabeba mayai, turbo ingekufa."

Mwenyekiti alizishika zile beringi asijue azifanye nini. Akamgeukia mume wangu akamwambia samahani, mbele yetu, na akasema atawaambia wengine mwenyewe. Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Alikwenda kuchukua maji ya kunawa ingawa hakuwa ameshika chochote.

Nilidhani basi yamekwisha, tutafunga nilivyotaka. Mimi nilitaka kuuacha mpira wa kwenda na kuuwekea T ule wa kurudi, oili ikishapita kwenye filta. Mzee hakukubali. Akanionyesha umbali. Kutoka kule kwenye chesi mpaka kurudi juu kwenye turbo ilikuwa safari ndefu. Usiku mzima oili inashuka kutoka kwenye mipira, alisema, asubuhi dereva akiwasha, turbo inazunguka kavu mpaka mipira ijae. Itakuwa safi, lakini itakuwa imechelewa. Nilitaka kubisha nikashindwa, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Tukasimama pale, kila mmoja na nusu ya jibu.

Mume wangu alikuwa amerudi na anasikiliza. Yeye si fundi na hakuwahi kujifanya fundi. Akauliza kuhusu ile taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi, kwa sauti ya mtu anayeogopa kukatiza maongezi ya wakubwa. Alisema kila asubuhi akiwasha lori, taa huzimika papo hapo, hata kabla hajatoa mguu. "Hiyo taa," akauliza, "oili yake inaitoa wapi?"

Mzee akanitazama, nami nikamtazama. Swichi ya taa ile ilikuwa imekazwa kwenye bloku ya injini, upande wa turbo, kwenye njia kuu ambayo oili hupita ikigawanywa kwenda kote. Kutoka pale hadi kwenye turbo ni kama urefu wa mkono. Kama tungeitoa swichi, tukaweka T ndogo, upande mmoja swichi, upande mwingine paipu ya turbo, turbo ingekunywa karibu na mapema. Lakini je, oili ya pale ilikuwa imeshapita kwenye filta? Mzee alisema ndiyo. Mimi pia nilidhani ndiyo. Lakini tulikuwa tumetoka kuziona zile beringi, na hakuna aliyetaka kufunga kwa kudhani.

Basi tukapima. Tuliufungua ule mpira wa kurudi kutoka kwenye filta, tukauelekeza kwenye ndoo, tukaitoa swichi tundu likabaki wazi. Tukakata dizeli isifike ili injini izungushwe na starta tu bila kuwaka. Mume wangu akapiga starta. Oili ikatoka kwa mpira ikamwagika kwenye ndoo, na kwenye tundu la swichi hakukutoka hata tone. Tukaurudisha mpira mahali pake, akapiga starta tena, na sasa oili ikachuruzika kwenye tundu, ikang'aa. Kila tone la pale lilikuwa limezunguka mpaka kwenye filta na kurudi. Mzee akaifuta kwa kidole, akaisugua kati ya kidole na gumba, akasema kwa Kikuyu neno ambalo sikulijua. Hakuwa anaongea na injini safari hii.

Kazi yenyewe ilichukua muda. Akina mama walipata turbo. Nilikwenda Kawangware kwa watu wanaokata mipira ya presha nikasimama palepale wakiibana vichwa vya chuma mwishoni, kwa sababu mpira wa turbo unakaa karibu na ekzosi na mpira wa kawaida ungeungua. Tuliishusha sampu, lile karai la oili chini ya injini, tukaiosha, maana vipande vya chuma cha ile turbo iliyokufa vilikuwa vimekwenda huko. Mipira ya filta mingine tuliiosha, mingine tukaitupa. Ile T ya zamani tuliitoa, tukaweka mpira mzima usio na kiungo. Kitu kingine mzee alikiona mimi sikukiona: paipu ya kurudisha oili kutoka kwenye turbo kwenda sampu ilikuwa imepindishwa chini ya bamba la pampu, ikashuka, ikapanda tena kidogo, kisha ikashuka. Pale kwenye kupanda oili ilikuwa inasimama. Alisema oili inaingia kwenye turbo kwa kusukumwa lakini inatoka kwa uzito wake tu, na hakuna kitu kinachopanda mlima kwa uzito wake. Alilikata bamba kona moja kwa msumeno, akiwa amepiga magoti na kuguna, mpaka paipu ikateremka bila kuinama. Hakuniruhusu nimsaidie. Alisema bamba pia ni lake.

Mama mkwe alikuwa ameanza kuja. Nyumbani alichoka kukaa peke yake, basi jirani alimleta mpaka pale uwanjani, tukamwekea stuli upepo unakotoka ili harufu isimfikie. Siku ya mwisho alikuwepo. Tulikuwa tumefunga kila kitu isipokuwa mwisho mmoja wa mpira mpya wa turbo, ule wa juu. Mzee hakutaka tuufunge kabla oili haijafika yenyewe kwenye mdomo wake, ili turbo isianze safari na hewa. Nikaijaza filta oili kwa mkono kabla ya kuikaza. Turbo nayo niliimwagia oili kidogo kwenye tundu lake, nikaizungusha shafti kwa vidole mpaka ikalainika. Sasa alihitajika mtu wa kushika mkebe chini ya mdomo wa mpira. Mume wangu alikuwa kwenye starta. Mimi nilikuwa nimeushika mpira kwa mkono mmoja na spana kwa mwingine. Mzee alikuwa chini akiangalia kama kuna kinachovuja.

Mama mkwe aliuliza kwa Kijaluo tunangoja nini. Mwanawe akamweleza. Akainuka kwenye stuli, akaja akipapasa ubavu wa lori, akanyoosha mkono nikampa mkebe. Akaushika kwa mikono miwili, leso yake ameikunjia kwenye kiganja.

Starta ikapigwa. Hakuna kitu. Tukapumzisha betri. Ikapigwa tena, hewa ikatoka kwenye mpira kwa povu, kisha ikakatika. Tukapumzisha betri tena. Mara ya tatu mpira ukatikisika mkononi mwangu, na oili ikaanza kudondoka kwenye mkebe, kwanza kwa matone, halafu uzi mzima.

"Imekuja," mama mkwe akasema. Alikuwa ameisikia kabla hajaiona.

Nikaukaza mpira. Tukairudisha dizeli, na mume wangu akawasha. Injini ilikohoa ikatoa moshi mweupe, ikatulia. Taa ya oili ikazimika. Mzee alituambia tuiache iungurume taratibu bila kuikanyaga, akaketi kwenye gunia lake kusikiliza. Hakukuwa na mluzi. Mama mkwe aliangalia mikono yake, oili ilikuwa imemrukia mpaka kwenye mkono wa gauni. Nilitafuta kitambaa nimpanguse, lakini alikuwa tayari amejipangusa kwa ile leso.

Mume wangu aliliendesha kwenda kulimwaga tangi kwenye bomba kubwa la maji taka, na wakazi wa karibu na uwanja walimpungia mkono kwa furaha kubwa kuliko ya kawaida. Siku hiyo na iliyofuata alishinda akivuta mipira kwenye vichochoro. Vyoo vya chama vikafunguliwa. Niliwasikia akina mama wawili kwenye foleni ya bafu wakisema kwamba huyo dereva ndiye aliyegundua mahali pa kutolea oili, na sikuwasahihisha, kwa kuwa theluthi moja ilikuwa kweli.

Mama mkwe alikaa nasi mpaka daktari akalifungua jicho. Asubuhi ya kuondoka, tukimsindikiza, alinishika mkono ingawa sasa aliona mawe vizuri. Hakusema chochote kuhusu ovaroli. Aliniuliza kama injini ya kusaga mahindi, ile iliyoko sokoni kwao, inaweza kutengenezwa na mtu kama mimi, kwa sababu imelala tangu mavuno na mwenye nayo hana fundi wa kumwamini. Nikamwambia nitakuja niiangalie. Akasema nije na spana zangu, hapo kwao za kuazima hazipo.

Wiki chache baadaye mzee aliniita Kawangware. Nilidhani ana kazi inayohitaji mikono miembamba. Alinipeleka nyuma ya gereji hadi barabarani, kulikokuwa kumeegeshwa lori la kubeba maji, pampu imefungwa ubavuni mwa injini, filta iko kwenye chesi. Nikainama. T ilikuwa kwenye mpira wa kwanza. Akaniambia hilo ni moja, na kuna jingine, mwenye nalo yuko njiani analileta. Alikuwa amewapigia simu wote wawili.

Mwenye lori la maji, kijana mwenye haraka, alikuwa amesimama kando na funguo zake mkononi. Alitaka kujua kwa nini tunalifungua gari ambalo halina shida. Linavuta vizuri, alisema, halina moshi, halina kelele.

"Kwa sababu nililifunga mimi," mzee akamjibu.

Kijana alingoja maelezo zaidi, hakupata. Mzee alikuwa tayari ameshaanza kutandika gunia. Mgongo ulikuwa unamsumbua siku hiyo, basi nililivuta lile gunia upande wangu nikaingia mimi chini, na yeye akawa ananipa spana, moja baada ya nyingine, bila mimi kuziomba.